Meno Yangu na Maharage ya Mama

Jino langu la mbele lilimeguka kwa hindi la kuchoma. Sikugongwa, sikuanguka, sikupigana na mtu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya kwenda Kibirizi, mvua za kwanza zimeanza, natafuna hindi kama watu wengine, nikahisi kitu kigumu juu ya ulimi. Nilidhani ni punje isiyoiva. Nilipokitema kiganjani nikaona ni kipande cha jino, upande mmoja kahawia, upande wa pili mweupe kama chaki.

Muuza mahindi aliniangalia. "Kaka, mahindi yangu hayana mawe," akasema, akijitetea kabla sijamlaumu.

"Najua," nikamjibu huku nimeziba mdomo. "Ni mimi."

Naandika haya baada ya matibabu kwisha, nikiwa na mdomo ambao bado sijauzoea. Namwandikia yule anayesoma huku ulimi wake unapapasa meno yake mwenyewe, na yule aliyejifunza kucheka bila kufungua mdomo. Mimi si daktari. Siwezi kukwambia meno yako yana nini. Naweza kukusimulia tu yaliyonipata mimi na watu wa nyumbani kwetu Ujiji, na hasa yale niliyoyaharibu ambayo hayakuwa meno.

Meno yangu yalitoka na rangi. Wenzangu darasa la tatu walikuwa wanaota meno meupe, mimi nikaota meno yenye mistari ya chai, kisha mistari ikakolea, kisha vikatokea vishimo vidogo, kana kwamba mtu ameyadonoa kwa sindano. Shuleni waliniita Mzee wa Ugoro. Mwalimu mmoja alinirudisha nyumbani nikapige mswaki vizuri. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda ziwani nikayasugua kwa mchanga mpaka ufizi ukatoka damu, nikarudi darasani, rangi iko palepale.

Tangu hapo mkono wangu wa kulia ukawa na kazi mbili: kuandika na kuziba mdomo. Chuoni niliketi nyuma. Nilisomea ualimu, jambo ambalo hata mimi silielewi, maana mwalimu anaishi kwa mdomo. Nilipokuwa najiandaa kwa usaili wa kwanza nilifanya mazoezi mbele ya kioo nikitafuta namna ya kujieleza bila meno kuonekana. Kiswahili hakina huruma. Kila neno linaishia mdomo ukiwa wazi. Sikupata kazi ile, na kwa wiki kadhaa nililala nikijiuliza kama waliniangalia machoni au chini kidogo ya pua. Baadaye nikaanza kujitolea katika shule moja ya sekondari huku nikisubiri ajira. Nilipenda sana kuandika ubaoni. Ukiandika ubaoni, wanafunzi wanaona kisogo.

Jino lilipomeguka, baba ndiye aliyesema niende hospitali. Baba ni fundi wa injini za boti kwenye bandari ndogo ya Kibirizi na kila kitu kwake ni kipuri. "Kitu kikianza kumeguka pembeni," alisema, "usingoje kifike katikati."

Basi nikaenda mjini Kigoma, kwenye chumba cha kusubiria cha meno.

Nataka niseme kidogo kuhusu chumba hicho, kwa sababu hakuna aliyenitayarisha. Nilidhani nitaona aibu. Nilichokiona ni hatia. Kwenye benchi letu alikuwepo kijana aliyevimba shavu mpaka jicho limefunga, na mtoto aliyekuwa akilia kwa sauti iliyokwisha. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyefunga kanga kuzunguka kidevu na kuikaza fundo utosini, kama mzigo wa sokoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje." Aliniita mwanawe kwa Kiha, akanipima kwa jicho. "Wewe lako lipi linauma?"

"Haliumi. Limemeguka. Na yana... yana rangi."

"Rangi?"

"Ndiyo, bibi."

Alifikiri. "Yaani umekuja kupakwa rangi."

Yule kijana wa shavu alicheka, akashika shavu, akalia, akacheka tena. Nilisimama nikitaka kuondoka. Niliona nawaibia zamu watu wanaoumwa kweli. Bibi alinivuta shati.

"Kaa hapo. Mimi jino langu limenitesa tangu juzi, na nilipouona mlango huu tu limepoa. Likijua tumeondoka wote wawili, litaanza tena. Kaa tulitishe."

Nikakaa. Kama na wewe utakwenda ukajiona huna haki ya benchi, kaa. Benchi si la yule anayelia peke yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuuliza kisha kunyamaza mpaka ujibu. Aliangalia kila jino kwa kioo kidogo. Kisha akaniuliza nimekulia wapi.

"Ujiji. Lakini nilizaliwa Simbo. Tulihamia Ujiji nikiwa na miaka kama sita."

"Simbo mlikunywa maji gani?"

"Ya kisima."

"Na magadi, mlitumia?"

Nilicheka kwa pua. "Daktari, kila nyumba inatumia magadi."

"Sikuulizi kila nyumba. Nakuuliza ya kwenu. Ulipoanza kula, ulilishwa nini?"

Jibu nililijua bila kufikiri, kwa sababu ni hadithi ambayo mama huwasimulia wageni. Nilikuwa mtoto wa tumbo. Nilijaa gesi, nilikunja miguu, nililia mchana kutwa. Simbo tulilima maharage, na yale yaliyokaa ghalani yalikuwa magumu, yanamaliza mzigo wa kuni bila kulainika. Mama aliyapika kwa magadi yakawa kama uji, akayaponda, na zaidi ya hapo kila siku alinitilia chembe nyingine za magadi kwenye bakuli langu peke yangu, kutuliza tumbo. Kwenye isombe, kisamvu chetu cha kutwangwa, vilevile. "Huyu Yusufu," mama husema, "nilimlea kwa kijiko. Wenzake walilelewa na Mungu."

Daktari alisikiliza yote. Akasema meno yangu yanaonekana kuzidiwa na madini ya floridi, kwamba madini hayo kidogo hulinda jino, lakini yakizidi siku hadi siku, mtoto akiwa mdogo, huliharibu jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Magadi mengine huwa nayo mengi. "Huenda ni hayo," alisema, "huenda na kile kisima kilichangia. Sikukipima, siwezi kuapa. Ila meno yako yaliharibika kabla hayajatoka. Hakuna mswaki ambao ungekusaidia."

Nilikumbuka mchanga wa ziwani. Nilitaka kulia kwa ahueni. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ni mchafu.

Kisha akauliza, "Nyumbani yupo mtoto mdogo?"

Ahueni ikaisha hapohapo. Mdogo wangu Rehema alikuwa amerudi kwetu kulea mtoto wake wa kwanza, Hadija, ambaye ndiyo kwanza ameanza kula. Mumewe ni mvuvi Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, huko kunakofikika kwa boti tu, na waliona ni heri mtoto akae karibu na bibi yake mpaka apate nguvu. Na bibi yake alikuwa akimlisha maharage laini.

"Msiwe na hofu," daktari alisema aliponiona uso. "Madhara haya huja kwa muda mrefu. Acheni tu magadi kwenye chakula chake. Mwambie mama yako taratibu."

Nililishika kila neno isipokuwa la mwisho.

Njia nzima kutoka Kigoma hadi Ujiji, nyuma ya bodaboda, nilipanga maneno. Nilipanga nianze kwa kumsifu. Nikaona sifa zitamtia shaka. Nikapanga nianze na Rehema. Nikaona mama atajua tumemteta. Nikapanga ningoje mpaka jioni. Nikajiuliza je, ikiwa kijiko cha mchana huu ndicho kitakachozidisha? Mtu mwenye akili angejibu kwamba kijiko kimoja hakizidishi kitu. Mimi niliingia uani nikamkuta mama amempakata Hadija, kijiko kiko hewani, mtoto amefungua mdomo kama kinda, nikapiga kelele:

"Mama, usimpe!"

Na nikampokonya bakuli. Maharage yakamwagikia mguu wa mtoto. Hadija alicheka kwanza, akidhani ni mchezo, kisha akaona nyuso zetu akaanza kulia.

Rehema alitoka mbio nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu. "Kuna nini, kaka? Nyoka?"

"Magadi," nikasema.

"Magadi yamefanyaje?" mama akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza kama niko mbele ya kidato cha pili: chanzo, athari, hatua za kuchukua. Nilisema floridi, nilisema ufizi, nilisema kisima cha Simbo. Na nilieleza yote hayo nikiwa nimeziba mdomo kwa kiganja, kwa mazoea.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo ni mimi."

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana. Hata uongo ungefaa. Lakini mimi nikipewa sentensi huanza kuipima, na nilikuwa bado naipima nilipojisikia nasema, "Daktari anasema huenda."

"Huenda," mama akarudia. Alinawa mikono polepole, akaipangusa kwa kanga. "Rehema, mchukue mtoto wako."

Kuanzia siku ile mama hakumlisha Hadija tena. Alimwogesha, alimbeba, alimwimbia, lakini chakula kikitokea alimkabidhi kwa mama yake na kwenda kutafuta kazi nyingine, hata ya kufagia pasipo na uchafu. Hakusema neno baya. Ingekuwa rahisi kama angelisema.

Na Hadija akagoma kula.

Alikuwa amezoea mkono mmoja. Rehema alimpa uji, akautema. Alimpa ndizi zilizopondwa, akageuza uso. Mimi nilijaribu kwa nyimbo na kwa vijiko viwili, akanitazama kwa huruma kabisa, akafunga mdomo. Alinyonya tu, na maziwa ya Rehema yalikuwa hayamtoshi tena. Walipompeleka kupimwa uzito, hakuwa ameongezeka. Mara iliyofuata alikuwa amepungua. Muuguzi alimwambia Rehema mtoto huyu lazima ale.

"Ulishindwa kuniambia mimi pembeni?" Rehema aliniuliza jioni ile. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye mama yake. Ningeyaacha magadi kimya kimya, mama asijue kitu. Sasa baba Hadija anauliza narudi lini Mwamgongo. Nitapandaje boti na mtoto asiyekula? Akizidiwa kule, nitamkimbiza wapi, ziwani?"

Nilianza kupanga hoja kichwani. Kabla sijazimaliza, alikuwa amerudi kwa mtoto.

Matibabu yangu yalikwenda na mwezi. Daktari aliandika tarehe, lakini nyumbani kwetu wakati huhesabiwa kwa giza na mbalamwezi. Giza likiwepo, wavuvi hutoka na taa zao na dagaa hujaa Kibirizi. Mwezi ukiwa mpevu boti hupumzika, dagaa hupotea, na baba hupata injini za kutengeneza. Zamu yangu ya kwanza ya kusuguliwa iliangukia mbalamwezi. Daktari aliyapaka meno dawa, akayasugua, akayasuuza, akarudia. Rangi ilififia, haikuondoka. Hakuniumiza. Maumivu yalikuja baadaye, nje, upepo wa ziwani uliponigonga menoni nikahisi kila jino peke yake, kama misumari. Kwa siku kadhaa nilikunywa chai iliyopoa na maji yaliyokaa juani. Nilifundisha nimejifunga skafu mdomoni, na wanafunzi wakadhani nina kifua. Mmoja aliniletea tangawizi. Niliipokea. Hata ile tangawizi niliionea hatia.

Kwa kuwa dagaa hawakuwepo, tulirudi kwenye maharage. Rehema aliyapika bila magadi. Yalikaa jikoni tangu asubuhi, kuni zikaisha, yakaletwa mezani.

Baba alitafuna. Akatafuna tena. "Rehema, mwanangu, haya ya kula au ya kuhesabia?"

"Kula, baba. Kaka amesema magadi hapana."

"Basi kaka yako atuletee shoka." Aligeuka kwangu. "Na tangu lini mwanaume akachungulia chungu? Mimi miaka yote hii ningechungulia, mama yako angenipa mwiko wa utosi."

Alisema kwa utani, akingoja mama acheke kama kawaida yake. Mama alikuwa anatazama sahani yake. Utani ulianguka chini na hakuna aliyeuokota.

Lakini jambo lililonikata zaidi halikutokea mezani. Mtaani kwetu mama alisifika kwa maharage. Mabwana harusi walileta wake zao wapya wafundishwe. Siku moja nilikuwa ndani nasahihisha madaftari, nikamsikia jirani yetu Mama Zawadi akibisha hodi uani.

"Mama Yusufu, niazime magadi kidogo. Mkwe wangu anakuja, nataka maharage yale yako ya kumeza bila meno."

Ufagio wa mama ukasimama.

"Yameisha," mama akasema.

"Kwako? Yaishe kwako? Makubwa! Kesho utaniambia ziwa limekauka."

"Yameisha, jirani."

Mama Zawadi aliondoka akicheka. Kupitia dirishani nilimwona mama amebaki palepale, mgongo wake ukinielekea. Nilijua magadi hayakuisha. Nilimwona siku ile niliyotoka hospitali akiyamwaga chooni, mfuko mzima, na kuukung'uta mfuko. Alikuwa ameona haya kusema. Alikuwa akihesabu kichwani, nilidhani, watoto wa wanawake wote aliowafundisha. Nilitaka kutoka nimwambie si kosa lake, kwamba alilishwa hivyo na mama yake, kwamba wakati ule hakuna mtu aliyewaambia. Nikapanga maneno. Nilipoyamaliza kuyapanga alikuwa ameshaingia jikoni.

Zamu ya pili daktari alinijengea jino lililomeguka. Nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti, mdomo wazi, siwezi kusema, niligundua kwamba nalia. Alidhani nimeumia, akasimama. Nikamweleza: bakuli, mtoto, uzito, mama.

"Mimi niliuliza swali," alisema. "Sikutoa hukumu."

"Najua. Hukumu niliitoa mimi."

"Mlete mama yako hapa nizungumze naye. Na mtoto pia."

Hadija aliletwa na Rehema, akaonekana mzima. Daktari akasema magadi ya wiki chache si kitu cha kumkosesha mtu usingizi, la kuhangaikia ni chakula. Akamweleza Rehema namna ya kuyaloweka maharage, kuyamwaga yale maji ya kwanza, na kuyafunika yakae juu ya moto mdogo. Mama hakuja. Nilipomwomba aliniuliza, "Niende nikaonyeshwe nini? Nikae pale daktari akunyooshee kidole mdomoni, 'hili hapa, mama, na hili hapa'?"

"Hawezi kusema hivyo, mama."

"Hata asiposema."

Zikapita mvua kubwa. Rehema akajifunza maharage; yakaanza kulainika, si kama ya mama, lakini ya kulika. Hadija akakubali vijiko vya uji, vichache, kwa vita. Mume wa Rehema akatuma ujumbe kwamba boti itakuja giza likianza, aiwahi. Rehema akaanza kukunja nguo, akizikunjua tena. Kila mtu nyumbani alijua mtoto hayuko tayari. Kila mtu alimwangalia mama. Mama alifagia.

Zamu ya mwisho daktari aliyafunika meno yangu sita ya juu kwa dawa ya rangi ya jino, moja baada ya jingine, akiyachonga, akiyang'arisha. Niliambiwa hayatadumu milele, nitahitaji kurudi kutengenezewa, nisifungue soda kwa meno kama wahuni. Kisha nikapewa kioo.

Niliangalia mtu aliyekuwa akiniangalia. Ulimi wangu ulipita mbele ukateleza, hakuna vishimo. Mdomo ulionekana umejaa, kana kwamba nimetia kitu nikakisahau. Nilisema neno moja kujaribu sauti, nikatoa kimluzi. Hivyo ndivyo utakavyojisikia kwa siku chache. Kimluzi huvuma, kisha huisha. Kitakachochelewa ni mkono. Wangu ulipanda wenyewe kuziba mdomo, na daktari akaushika kwa upole akaushusha.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, anachambua maharage, mawe huku, maharage huku. Rehema alikuwa jikoni na mtoto mgongoni.

"Nione," mama akasema.

Nikatabasamu. Aliniangalia kama mtu anayeangalia picha ya pasipoti ya mtu asiyemfahamu.

"Mazuri," akasema. Kisha akauliza, "Na yale mengine?"

"Yapi, mama?"

"Yangu."

Mkono ukaanza kupanda, nikaushusha. "Daktari ameyafunika."

"Yote?"

"Ya juu. Ya chini hakuyagusa. Ya chini hayaonekani sana nikiongea."

"Nionyeshe."

Tangu nilipokuwa mvulana wa shule ya msingi sikuwahi kumwonyesha mama meno yangu kwa kukusudia. Nilijiambia namhurumia. Nilikuwa naweza kutoa sababu nyingi, na nilianza kuzitafuta palepale, lakini mama alikuwa ameshasimama. Alinishika kidevu kwa mkono wenye vumbi la maharage, akanigeuza nielekee jua. Nikauvuta mdomo wa chini kwa kidole.

Aliangalia. Aliangalia jino kwa jino, bila haraka, kutoka upande huu mpaka upande ule. Kisha akaweka kidole gumba juu ya meno na kukipitisha, taratibu, akipapasa vishimo.

"Yanauma?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Yaliwahi kuuma?"

Kidole chake kikiwa mdomoni mwangu, sikuweza kupanga maneno. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Naye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa anakidai. Machozi yalimtoka lakini uso haukubadilika.

"Kumbe ni hivi," akasema. "Kichwani nilikuwa nayaona mabaya kuliko haya."

Akaniachia. Akapangusa kidole kwenye kanga, akapangusa na uso, akaketi tena kwenye mkeka na kukunja miguu vizuri.

"Rehema!" akaita. "Lete mtoto. Na yale maharage yako ya mchana, yalete nionje kwanza."

Rehema alitoka jikoni na bakuli, akamshusha mtoto mgongoni. Mama alionja punje moja, akakunja uso. "Bado yana kiburi," akasema. Alimpakata Hadija. Kisha akachukua punje moja, akaivua ganda kwa kucha, akaisaga kati ya vidole mpaka ikawa laini, akampa. Hadija akafungua mdomo. Mama akachukua nyingine, akaivua ganda, akaisaga. Hivyo hivyo, punje baada ya punje, bakuli zima. Hakuna aliyemharakisha.